Miguu ya Kanze

Kijiwe cha kahawa cha kijiji cha Ganda, nyuma ya mashine ya kusaga, kilikuwa na benchi moja na mabingwa wawili: Masha, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Tsuma, aliyeitwa Jaji ingawa hajashinda hata kesi ya mbuzi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1984 walikuwa wakipokezana picha moja, na Kamande mpiga picha ameinamia kikombe chake. Picha aliipiga yeye. Ilikuwa ya Kanze, binti wa mzee Dena, akicheza arusini kwa kaka yake. Wiki tatu baadaye homa ikamchukua binti huyo, wala hakuacha picha nyingine duniani. Miguu ilitoka safi, imeruka juu, njuga zinahesabika, hata chembe za mchanga zimesimama hewani. Kuanzia kifuani kwenda juu, giza tupu. Kamande alijua sababu. Mwako wa fleshi peke yake ungetosha kumsimamisha mchezaji; yeye akaingiwa na pupa, akaipandisha kasi ya kamera hadi mia tano, kasi ambayo fleshi haiiwezi, na fleshi ilipowaka pazia la ndani ya kamera lilikuwa limekwisha kuufunika uso. Kosa la mwanafunzi. Mwezi mzima hakuthubutu kulisema.

— Mimi naona mwanga ulianzia chini, ukachoka njiani, alisema Redio.

— Mwanga uchoke?

— Kwani betri haichoki?

— Wapi! akasema Jaji. Wanaosafisha picha kule Mombasa ndio wanaobakiza nyuso. Nyuso zina soko Ulaya. Wazee hawakusema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

— Lakini guu ndilo lililopona, Jaji!

— Basi ushahidi ndio huo.

Redio akaweka kikombe chini, akapunguza sauti.

— Niwaambie kweli? Hilo si giza. Ni mauti. Yalishafika arusini, yakasimama mbele ya uso wa mtoto. Kamera iliyaona, sisi tusiyaone. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mzee Dena, aliyeketi mwisho wa benchi, akainua kichwa.

— Yalikuwapo pale, nami nikipiga makofi?

Neno moja tu la Kamande lingemtua mzee mzigo ule. Mpiga picha akafungua mdomo, akaishia kupuliza kahawa iliyokwisha poa.

Thuku, mpiga picha wa hoteli moja ya Malindi, alikuwa amesimama kununua kahawa. Hawakuwa wakimjua. Akaiomba picha, akaitazama, kisha akamgeukia Kamande, aliyening'iniza kamera begani.

— Ndugu, kasi ya kamera uliiweka ngapi?

Redio akamtazama Jaji. Jaji akatazama kikombe. Wote wawili hawakuwa na nadharia ya swali hilo.

— Nauliza tu. Uliweka ngapi?

Kamande, kwa aibu, akainamia tena kikombe chake.

Mzee Dena akanyoosha mkono, akaichukua picha yake, akaifuta kwa pindo la shuka.

— Mwache, mwanangu. Hata miguu hii, ni yeye aliyenipa.