Kidole cha Pete cha Malachy Tobin

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Kilmoyne, na nyinyi wa Rathcullen mliovuka mto asubuhi hii, mimi ni Lar Dowling, kaka wa mjane, nimepewa karatasi hii iliyoandikwa kwa mkono wa dada yangu Assumpta, nami nitaisoma kama ilivyo.

Marehemu Malachy Tobin alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Kilmoyne, akasoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1962 hadi 1970, kisha shule ya ufundi mjini, ambako mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba kijana huyu ana akili, ila zote ziko kwenye gongo la kuchezea mpira. Mwaka 1976 aliajiriwa kuendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2021, na hakuna mbwa katika njia hizi aliyewahi kumbwekea.

Katika hurling, huu mchezo wetu wa mpira wa magongo, aliivalia Kilmoyne jezi ya njano na nyeusi tangu Mei 1975 hadi Septemba 1993, mshambuliaji wa pembeni kushoto, akacheza fainali nne za kaunti na kushinda moja, ile ya 1982. Kwa miaka kumi na miwili aliyemkaba kila tulipokutana ni mimi, beki wa Rathcullen, ingawa kumkaba ni neno la heshima tu, maana mara nyingi nilikuwa namsindikiza golini, na watu wetu wakinipigia kelele, "Lar, muulize basi anakwenda wapi, angalau umfuate!"

Tarehe 12 Oktoba 1986 tulikutana fainali. Hapa karatasi ina nafasi tupu, na katikati yake Assumpta ameandika, "Hapa Lar aseme mwenyewe." Jamani! Miaka thelathini na tisa nilidhani hajui.

Basi nasema. Malachy alikuwa amenifunga mara tatu, mpira ulikuwa upande wa pili na macho ya watu wote yako huko, nami kwa hasira nikampiga gongo makusudi, nikamvunja kidole cha pete, siku kumi na tatu kabla hajamuoa dada yangu. Hakuanguka wala hakulalamika, akacheza hadi mwisho, na dakika ya mwisho alipopata nafasi ya kusawazisha gongo likamponyoka, mpira ukapita nje, Kilmoyne ikafungwa kwa pointi moja, na miaka yote baa nzima ikimtania, "Tobin, hata ng'ombe angeuingiza ule!" Nilimfuata nje ya uwanja nikilia, nikamwambia naenda kumweleza Assumpta, akanikamata shati kwa mkono mzima, akasema, "Wewe Lar, nyamaza. Baba yenu hayupo. Ukimwambia leo, nani atamsindikiza kanisani?" Watu wote akawaambia kwamba kesho yake, Jumatatu, alibanwa kidole na lango la zizi.

Tarehe 25 Oktoba 1986 nilimsindikiza dada yangu hadi mbele hapa, pete ikakataa kupita kwenye kile kidole, paroko wa wakati ule akasema ivalishwe mkono wa kulia, kanisa likacheka, mimi sikucheka, na huko kulia ndiko iliko mpaka sasa. Walijaliwa watoto wawili, Gráinne mwaka 1988 na Ultan mwaka 1991.

Assumpta, nilikosa, nisamehe. Naona unanipungia mkono niendelee kusoma, haya, naendelea.

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya utumbo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi alasiri, mkewe akiwa ameshika mkono wake wa kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mikate na chai kuliko tulivyoweza kula, madereva wenzake walioongoza msafara kwa lori lake la zamani, na wachezaji wa timu zote mbili waliojipanga na magongo yao kutoka langoni hadi mlangoni.

Pumzika kwa amani, shemeji. Leo hakuna anayekukaba.