Kompyuta Niliyokataa Kuichoma Kyuso

Wapendwa, jina la Bwana lisifiwe, na nyinyi wenye mmekaa nyuma karibu na mlango pia msifu, msijifanye mnaangalia watoto.

Mimi ndiye mnaniita Daktari wa Kompyuta hapa Tawa. Daktari gani? Nilitoka shule Form Two. Mwalimu wa hesabu alisema nikienda, darasa litapanda alama. Nilienda, na likapanda. Nikaenda Emali kubeba simiti kwa duka ya mzee mmoja mwenye alitoka Murang'a. Huyo mzee alikuwa amenunua kompyuta na hakuna mtu alijua kuiwasha. Ilifunikwa kitambaa cha maua kama redio. Kazi yangu ilikuwa kuipanguza vumbi kila asubuhi. Siku moja nikapanguza mpaka ikawaka.

Nikachukua kitabu chake cha maelezo, nikakisoma na dikshonari miaka miwili. Mwishowe nikaanza kuandika programu. Kama hujui programu ni nini, ni kumpatia mjinga maagizo, moja moja, bila kuruka hata moja. Mimi nilikuwa na bahati, nilijua tayari venye mjinga anafikiria.

Tangu hapo sijaandikwa kazi na mtu. Leo ni shule inataka matokeo ya mtihani yapangwe, kesho ni zahanati inataka orodha ya chanjo. Naenda na kompyuta yangu kwa katoni, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Na popote naenda, mwenye anataka kujifunza namfundisha, kwa sababu mimi mwalimu wangu alikuwa dikshonari, na dikshonari haikuambii umefanya vizuri.

Lakini ndugu zangu, ndani nilikuwa mtumwa. Nilikuwa naogopa watu. Mtu mwenye cheti akikohoa, mimi nasema pole. Mzee wa kanisa akiniangalia vibaya, natubu kwanza, halafu naenda kutafuta kosa.

Sasa miaka michache imepita, ukame ulipiga Kitui. Kanisa moja kule Kyuso likapata mbegu ya ndengu ya kusaidia watu, na wakaniita niandike programu ya orodha, familia isipate mara mbili na nyingine ikose. Nikaandika. Kila familia na mstari wake, kila mstari na namba yake, kufuata venye watu wamepanga laini. Nikafundisha akina mama wanne kuingiza majina, na jenereta ya kanisa ikinguruma nje. Jumamosi ni kupewa kadi ya namba, Jumatatu ni mbegu. Na mnajua sisi Wakamba tunapanda kwa vumbi, kabla mvua haijafika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa Tharaka. Ukikosa mbegu wiki hiyo, umekosa mwaka.

Hiyo Jumamosi akaja mjane mmoja mzee sana. Kyuso yote wanamwita Mwaitu, mama yetu. Kadi yake ikatoka: mia sita sitini na sita.

Hakuigusa. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni namba ya yule mnyama wa siku za mwisho. Heri nilale njaa." Akaenda kukaa nje juu ya gunia yake tupu. Kidogo tu, watu wakaanza kunirudishia kadi, hata wa namba kumi na mbili.

Mzee wa kanisa, Mzee Munyoki, akanijia. "Fundi, kesho watu wanaleta hirizi za waganga zichomwe. Leta na hiyo katoni yako."

Nikasema, ndio mzee. Naungama mbele yenu. Hata niliuliza kama mafuta taa itatosha.

Jumapili nikaenda na katoni begani. Pembe, vibuyu, vitambaa vyeusi, vyote vimerundikwa uwanjani. Mzee Munyoki akasema, "Weka juu." Nikainama niweke. Nikasikia Syombua, mmoja wa wale akina mama nilikuwa nafundisha, akisema kwa sauti, "Fundi, orodha yote iko ndani. Ukiichoma, Jumatatu tutagawa mbegu na nini, na macho?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alinikamata. Niliona watu wote wamesimama na magunia yao tupu, na mimi nataka kuchoma chakula yao kwa sababu naogopa mzee mmoja mwenye koti. Nikainuka na katoni yangu. Nikasema, "Hapana, mzee. Sichomi."

"Unakataa kanisa?"

"Nakataa kuchoma. Na kama ni lazima, mnichome pamoja nayo. Venye nimekauka, hata mafuta taa hamtahitaji."

Watu wakacheka. Nikaomba jenereta iwashwe, nikaweka kompyuta kwa meza ya sadaka, nikamwita Mwaitu akae karibu nami.

"Mwaitu, jana kwa laini, mbele yako alikuwa nani?"

"Nzioka, jirani yangu."

"Nzioka ni mia sita sitini na tano. Na nyuma yako?"

Mwaitu akageuka, akamtafuta kwa macho mpaka akampata. "Ni huyu Munyoki. Alikuwa ananisukuma."

Watu wakamgeukia. Mzee akashika mfuko wa koti, pale kadi ilikuwa.

Mwaitu akaniuliza, "Na ukinitoa mimi kwa hiyo mashine?"

"Nikikutoa, mwenye yuko nyuma anasogea mbele."

Mzee Munyoki akauliza pole pole, "Anasogea mpaka wapi?"

"Mpaka pale Mwaitu alikuwa, mzee."

Akafikiria. Halafu akasema, "Mwaitu, wewe kaa tu. Hakuna mtu amekufukuza."

"Kumbe," Mwaitu akasema. "Mimi nikae na mnyama, wewe ubebe mbegu? Hakuna mnyama hapa, Munyoki. Ni laini tu, kama ya kisima. Fundi, nipe kadi yangu."

Ningeweza kuandika mstari mmoja, programu iruke hiyo namba. Dakika mbili tu. Syombua aliniuliza kwa nini siiruki. Nikamwambia, nikiiruka nimekubali uongo, na kesho wataniletea namba ingine niruke. Ibaki. Na ilibaki. Hirizi zilichomwa, moshi ukanikohoza, na Jumatatu Mwaitu alibeba ndengu yake mbele ya Mzee Munyoki, akimwambia asisukume.

Sasa nimesikia hata hapa kwetu kuna wenye wanasema nisifundishe kompyuta kwa stoo ya kanisa, eti ni dunia imeingia kanisani. Nawapenda sana. Nitafundisha. Mkifunga stoo nitafundisha chini ya dirisha yake, na mkinitoa hapo nitauliza ni nani yuko nyuma yangu kwa laini.

Namshukuru Mungu mwenye alimwondolea mtu wa Form Two woga. Woga wako hauwezi kumshinda. Mwamini leo, hapo hapo umekaa. Na Jumamosi saa tatu stoo iko wazi. Kama hujasoma, kuja. Kidole kimoja kinatosha kuanza.