Tumbo la Baba wa Bibi Harusi

Benchi letu lipo nje ya duka langu la kunyolea, chini ya kibaraza cha bati, na mguu wake mmoja umekalia kipande cha tofali. Upande mmoja anakaa Shangazi na birika lake la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ukimwita vinginevyo hakupi sukari. Upande wa pili ni meza ya Rada, fundi wa simu, anayejua habari za mtaa kabla hazijatokea. Daktari hana meza upande wowote. Tulimpa jina hilo aliporudi kutoka hospitali alikolazwa kwa mguu uliovunjika, mdomo umejaa maneno ya wodini. Katikati hukaa Fundi Geti, mchomeleaji, mtu mpole ambaye anaweza kushinda mbele ya moto, lakini mwambie asalimie watu wengi kwa pamoja uone anavyoangalia viatu vyake. Asubuhi hiyo hakuwepo. Alikuwa hajakanyaga kijiweni tangu harusi ya binti yake, na sisi tulikaa tukiikwepa nafasi yake kama vile pamemwagika maji.

Mtaa mzima unajua kilichotokea, Rada alihakikisha. Ukumbi umejaa, mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi aseme neno kwa maharusi. Fundi Geti akasimama, suti imemkaa vizuri, akapokea maiki. Akasema, "Mabibi na mabwana." Hapo hapo akashika tumbo, akamkabidhi maiki mhudumu aliyekuwa anapita na sahani, akatoka mbio. Hakurudi mpaka watu walipoanza kutafuta mikoba yao. Mshereheshaji akatia utani wake na ukumbi ukaangua kicheko. Meza yetu ndiyo iliyocheka kuliko zote, Rada mpaka akamwaga soda.

Rada: Nina habari, na si nzuri. Wakwe wameanza kusema.

Shangazi: Wanasema nini tena?

Rada: Eti yule mzee hakumtaka bwana harusi. Eti aliona bora akimbie kuliko kuwatakia heri. Mama mkwe ndiye anayeisambaza.

Daktari: Huo ni ujinga. Fundi alishikwa na tumbo la kuhara, basi.

Rada: Mtu mzima anashikwaje na tumbo dakika anayopewa maiki? Mbona halikumshika wakati wa wali?

Daktari: Kwa sababu ni kichwa. Kichwa kiliogopa watu, kikatuma amri chini, tumbo likatii.

Rada: Mbona mimi nikiogopa tumbo langu linatulia tu?

Shangazi: La kwako halina wa kulituma. Huko juu hamna mtu.

Tulicheka. Daktari akasubiri tunyamaze, akavuta shingo kama mganga mkuu anayeingia wodini asubuhi.

Daktari: Haya, sikilizeni mjifunze. Kuna mshipa mmoja mrefu wa fahamu, unatoka kwenye ubongo unashuka mpaka matumboni. Nesi aliniambia mwenyewe. Na habari nyingi zinazopita mle zinatoka chini kwenda juu.

Rada: Yaani tumbo ndilo linalouambia ubongo?

Daktari: Linauambia, tena muda wote. Ubongo nao unarudisha majibu. Mmoja akichafukwa, mwenzake hapati usingizi.

Rada: Kumbe ni mke na mume.

Daktari: Ndiyo. Tena wa chumba kimoja.

Rada: Hapana, mimi nimeelewa zaidi yako. Tumbo ni mnara. Kichwa ni simu tu, inashika kinachotoka kwenye mnara. Mnara ukizima, simu unaishika hivi, inakuangalia tu. Ndiyo Fundi pale ukumbini. Mtandao ulikatika.

Shangazi: Na mimi hapa na birika langu nauza nini? Vocha?

Rada: Unauza chaji, Shangazi.

Daktari: Acheni utani, hamjafika hata mlangoni. Humo tumboni mna vijidudu. Vingi! Kuliko watu wa mji huu na ule mwingine. Nesi alisema vinaweza kukugusa hata moyo wako, ukaamka na furaha au ukaamka umenuna.

Rada: Basi huenda mama mkwe ana hoja. Labda vijidudu vya Fundi vilimnusa bwana harusi, vikaitisha kikao, vikapiga kura.

Daktari: Inawezekana! Wewe unacheka, lakini inawezekana. Mimi naanza kuamini kwamba hata mke wangu hakunichagua yeye. Vijidudu vyake ndivyo vilivyonichagua.

Shangazi: Hilo nakubali. Mwenye akili zake asingefanya vile.

Hapo kicheko kikatushinda. Rada alipiga meza mpaka vioo vya simu vikaruka. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo, mpaka nikajifuta macho na taulo la wateja. Kisha nikamkumbuka Fundi nilivyomwona jana yake, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Mimi: Jana alipita pale ng'ambo ya barabara. Amebeba nondo begani.

Shangazi: Nani, Fundi? Mbona hukumwita?

Mimi: Nilimwita. Nikapaza sauti, "Fundi, njoo kahawa!" Akageuka akaniona. Akashika tumbo, akaongeza mwendo. Nondo zinagongana begani, na mkono mmoja bado uko tumboni.

Rada: Alikula kitu kibaya.

Mimi: Alikuwa anatembea vizuri kabla sijamwita.

Shangazi akaliweka birika chini. Yeye anamjua Fundi zaidi yetu, maana karakana ya Fundi iko nyuma ya nyumba ya kina Shangazi, na mchana huwa wanamgawia chakula.

Shangazi: Lile tumbo si bovu. Nimemwona akila viporo vya jana juani, na kulala akalala. Ni asubuhi tu lilikuwa linamsumbua. Ni hapa tu.

Kila mmoja aliangalia upande wake, na nadhani wote tulikuwa tunaona jambo lile lile.

Maana mazoezi ya hotuba ile tuliyafanya sisi. Fundi alikuja kutuomba kwa unyonge kabisa: binti yangu anaolewa, nitapewa maiki, nisaidieni nisiaibike. Tukamwambia umefika kwa wenyewe. Ikawa kila asubuhi, kabla hajaenda karakana na kabla hajatia kitu mdomoni, anakuja hapa. Daktari alisema kahawa chungu inafungua sauti, kwa hiyo tulimpa kahawa chungu, kikombe juu ya kikombe, tumbo tupu. Tulimsimamisha juu ya kreti ya soda. Rada alijifanya mshereheshaji, anagonga kijiko kwenye kikombe na kutangaza kwa madaha: baba wa bibi harusi! Fundi anasema, "Mabibi na mabwana." Sisi tunampigia kelele. Sauti! Kidevu juu! Mikono ikae wapi? Angalia watu, usiangalie viatu! Baada ya muda kidogo tumbo linaanza kunguruma, uso unamtoka jasho, anashuka kwenye kreti anaomba ufunguo wa choo kilicho nyuma ya duka langu. Naye akikimbia, sisi tunamsindikiza kwa makofi. Kesho yake tunarudia. Tulirudia mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuangalia.

Daktari: Hapana. Hapana, jamani.

Rada: Nini?

Daktari: Tumbo lilishika somo. Sisi ndio tulilifundisha. Asubuhi zote zile, mabibi na mabwana, halafu choo. Mabibi na mabwana, halafu choo. Siku ya harusi hakuwa amekunywa kahawa hata tone. Alisikia tu maneno yake mwenyewe.

Rada: Usituletee hayo. Sisi tulikuwa tunamsaidia.

Shangazi: Kwa kumpigia makofi akienda chooni?

Rada: Si tulikuwa tunamtia moyo! Na nyinyi mnasahau suti. Suti ilimbana. Mkanda ule mpya unakandamiza mnara, habari zinashindwa kupanda, zinarudi chini kwa nguvu. Au viatu. Mtu anayeshinda na ndala ukimvisha viatu vya kamba, damu yote inapanda tumboni.

Daktari: Rada.

Rada: Au feni za ukumbini! Upepo baridi ukimpiga mtu kitovuni...

Shangazi: Rada, nyamaza.

Akanyamaza. Mara ya kwanza nimemwona Rada akinyamazishwa na mtu. Aliichukua simu ya mteja, akaanza kuifuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

Niliona aibu. Nilikuwa nimezisikiliza nadharia zote zile, na mwenye tumbo yuko karakana anachomelea peke yake, anaukwepa mtaa alioishi maisha yake yote. Na mimi ndiye niliyekuwa namkabidhi ufunguo. Nilikuwa nauning'iniza karibu na kioo, na kila asubuhi nikimwona anashika tumbo naushusha kabla hajauomba, naupunga hewani ili wateja wauone. Sikufikiria. Nilijiona mchangamfu.

Shangazi: Mmoja wetu aende akamwombe radhi.

Daktari: Kinyozi aende. Ndiye mwenye choo.

Mimi: Namsubiri mteja.

Shangazi: Mteja gani?

Mimi: Atakuja.

Rada: Aende Daktari. Kahawa chungu ilikuwa dawa yake.

Daktari: Mguu wangu haupendi ile njia ya karakana. Shangazi ni jirani yao.

Shangazi: Mimi ndiye niliyeichemsha. Nitaingia pale kwa uso gani?

Tukawa tunarushiana hivyo, watu wazima wanne. Hakuna aliyeinuka. Ndipo tulipomwona bibi harusi mwenyewe anavuka barabara.

Alikuwa amevaa nguo za kawaida za nyumbani, lakini nywele zilikuwa bado zile za harusini, zimeanza kulegea upande mmoja. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya benchi. Daktari akavuta miguu ili ampishe, ingawa hakuwa anapita.

Bibi harusi: Shikamooni.

Wote: Marahaba, mwanetu.

Shangazi: Karibu, mwanangu. Hongera ya ndoa. Kaa nikumiminie kahawa.

Bibi harusi: Asante, Shangazi, sikai. Nimeaga natoka mara moja. Wenyeji wangu hawapendi nitoke toke.

Rada: Mama mkwe?

Shangazi alimkanyaga Rada mguu. Msichana akatabasamu kidogo, tabasamu la kutuonea huruma.

Bibi harusi: Najua yanayosemwa. Nimeambiwa jikoni, na aliyeniambia hakuficha. Eti baba hakuridhia. Mimi najua si kweli. Baba ndiye aliyekuwa ananiamsha kuniuliza kama nimekula, siku zote za maandalizi. Lakini mume wangu ameanza kunyamaza tukila. Nataka nimwambie kitu. Nataka nimwambie baba yangu alituombea nini.

Daktari: Si... si ungemuuliza baba mwenyewe?

Bibi harusi: Nimemuuliza. Nikifungua mdomo tu, anashika tumbo, anatoka nje. Nikimsubiri harudi mpaka niondoke. Mama ananikataza sasa, anasema nitamuua. Ndiyo mama akaniambia nije kwenu. Amesema baba hotuba yake yote aliifanyia mazoezi hapa, kila asubuhi, na nyinyi mlikuwa mnamsikiliza. Akirudi nyumbani alikuwa anasema, "Wale ni ndugu zangu, wananivumilia."

Shangazi akageuza uso. Mimi nilitamani mteja aje kweli, yeyote yule, hata mtoto wa kunyolewa bure.

Bibi harusi: Kwa hiyo nawaomba mniambie tu. Baba alitaka kusema nini?

Rada akakohoa.

Rada: Alianza na "Mabibi na mabwana."

Bibi harusi: Hilo nililisikia. Halafu?

Rada: Halafu... pale tulikuwa tunamrekebisha sauti. Sauti yake ilikuwa chini, unajua baba yako. Na kidevu.

Daktari: Na mikono.

Bibi harusi: Ndiyo. Na baada ya hapo?

Shangazi: Kuna siku alifika mbele, mwanangu. Nakumbuka. Alisema, "Binti yangu huyu."

Bibi harusi akasogea. Alikunja mikono kifuani, macho kwa Shangazi.

Bibi harusi: "Binti yangu huyu." Halafu akasemaje?

Nami niliikumbuka siku hiyo. Fundi alikuwa juu ya kreti, sauti ikamtetemeka alipofika pale, na Rada akagonga kijiko akapiga kelele kwamba machozi hayaruhusiwi ukumbini, mzee asije akaharibu suti. Mtaa ukacheka. Fundi alicheka pia, akashuka, akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Nilimpa. Sikumuuliza alichokuwa anataka kusema, wala siku hiyo wala nyingine. Hakuna aliyemuuliza.

Shangazi alilishika birika lake, akaliachia. Daktari aliinama akaangalia viatu vyake. Rada alikuwa na simu mkononi, haifuti tena.

Msichana hakutuharakisha. Alisimama mbele yetu kwa adabu, anatuangalia mmoja baada ya mwingine, akidhani bado tunajaribu kukumbuka.