Taa Inayowaka Mteremkoni Tu

Barabara ile ikishamaliza tambarare, kabla haijaanza kuinamia mji wa chini, ina benchi. Benchi refu la mbao, mguu mmoja umekatika ukawekewa tofali, na pembeni yake jiko la makaa la Mama Birika na vikombe visivyofanana hata viwili. Hapo ndipo habari za mtaa mzima hushuka, hukaguliwa, huongezwa chumvi, kisha hupanda tena zikaenda zake zikiwa zimenenepa. Wenye benchi ni wawili: Karani, mstaafu anayetembea na kalamu mfukoni ingawa hana tena cha kusaini, na Fundi Saa, ambaye saa yake mwenyewe haijawahi kusema kweli. Asubuhi hiyo, saa tatu kasorobo, Taratibu, dereva wa basi dogo la abiria kumi na wanne, aliegesha, akashuka, akaja kukaa kati yao uso umemsawijika. Hakuagiza kahawa. Mama Birika akajua kuna jambo, akammiminia bila kuombwa.

— Imewaka tena, alisema Taratibu.

— Ile nyekundu? aliuliza Fundi Saa.

— Ile ile. Duara, na katikati alama ya mshangao. Breki ya mkono nimeishusha mpaka mwisho, nimeikagua mara tatu. Wapi! Inawaka.

— Na sasa hivi?

— Sasa hivi imezima. Hapa tambarare imetulia kama mtoto aliyeshiba. Inawaka nikiinamisha pua kuteremka. Juzi iliwaka konani tu. Jana konani na darajani. Leo asubuhi ndiyo kwanza naanza kuteremka, hiyo!

Karani alisogeza kikombe chake kando, kama anayefungua faili.

— Kona ipi?

Taratibu akatazama viatu vyake. Kona ile wote waliijua. Ndipo alipozoea kusimama, akachomoa kibao cha mbao chini ya kiti chake, akakiweka kwenye njia kati ya viti na kumkalisha abiria wa kumi na tano. Na mwenye gari alikwishasema, mbele ya mashahidi, kwamba gari lina viti kumi na vinne na mikanda kumi na minne, na siku atakayosikia habari ya mtu wa kumi na tano, funguo zinakwenda kwa Radi. Radi ni dereva asiye na gari, kutwa anazungukazunguka hapo kama nzi aliyeona kidonda. Isitoshe, mwenye gari si mtu baki. Ni mdogo wake mama mkwe wa Taratibu, tumbo moja. Ukifukuzwa kazi na mtu baki, unakwenda nyumbani kulalamika. Ukifukuzwa na mama mkwe mdogo, nyumbani ndiko kesi inakokusubiri.

— Basi mwanangu, alisema Karani, umeshajijibu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Gari hili lina miezi minne tu tangu lifike. Limekuja na kamba yake, na ncha ya pili kaishika mama mkwe wako mdogo.

— Kamba gani, mzee?

— Taa! Tambarare haiwaki kwa sababu tambarare huna kosa. Konani inawaka kwa sababu konani una kosa. Hapo kuna cha kuuliza?

— Jana si iliwaka na darajani? alidakia Mama Birika. Darajani ana kosa gani?

Wote wakamgeukia Taratibu. Akakohoa.

— Darajani nilipakia mtu na magunia yake mawili. Nikayaweka mlangoni.

— Lo! alisema Fundi Saa. Mlango wa dharura?

— Huo huo.

— Na leo, mwanzo tu wa mteremko, ulifanya nini?

— Leo sikufanya kitu, nawahakikishia. Nilikuwa nawaza tu kama konani nitapata mtu.

Fundi Saa akaitoa jichoni polepole lenzi yake ya kutazamia saa.

— Inasoma mawazo, alisema. Jamani, imefika huko.

— Acha upuuzi wako, alisema Mama Birika.

— Upuuzi? Gari lile ukibonyeza kitufe mlango unajifungua. Usipofunga mkanda linakupigia kelele pi-pi-pi mpaka uone haya. Gari linalomwona mtu hajafunga mkanda litashindwa kukiona kibao? Litashindwa kusema?

Taratibu akanywa kahawa, ikamchoma ulimi, hata hakusikia. Tangu juzi alikuwa haingii ndani ya gari bila kuangalia juu, chini na nyuma ya kioo. Jana alikuta waya mweusi chini ya usukani, akaupa shikamoo kabisa kabla hajajua kuwa ni waya wa redio.

— Lete kitabu, aliamuru Karani.

Taratibu akaenda kukitoa kwenye kisanduku cha mbele. Ni kitabu kinene kilichokuja na gari, kimeandikwa kwa herufi za huko lilikotoka, mtu hajui kinaanzia wapi. Karani akakifungua kwa heshima zote, akakitazama kichwa chini miguu juu, akajikuta kwenye ukurasa wenye picha ya ile taa. Kando yake kulikuwa na picha ya kichupa chenye mistari miwili, mmoja juu mmoja chini, na mshale.

— Ndiyo hii, alisema. Taa, kisha kipimo. Hiki kichupa kinapima moyo wa dereva. Mstari wa juu, mwaminifu. Mstari wa chini, mwizi.

— Umeyasoma hayo? aliuliza Mama Birika.

— Nimefanya kazi maofisini miaka thelathini na moja. Karatasi haiwezi kunificha kitu.

— Sasa habari zinakwenda wapi? aliuliza Taratibu.

Fundi Saa akainama sikioni kwake, ila kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Kwa mkeo.

— Mke wangu!

— Damu nzito kuliko maji, bwana. Mwenye gari ni mama yake mdogo. Jana ulipofika nyumbani alikuuliza nini?

— Aliniuliza mbona nimechelewa.

— Alijuaje umechelewa?

— Si kuna saa ukutani?

— Saa ile nimeitengeneza mimi, alisema Fundi Saa kwa uchungu. Haiwezi kumwambia mtu kitu.

Kwa hilo hakuna aliyembishia. Taratibu akamkumbuka mkewe jana usiku akicheka na simu upande wa ukuta. Kisha akasema lile lililokuwa likimwasha kuliko yote.

— Kuna na jingine. Pedali ya breki imelegea. Zamani ukigusa tu, gari limeshika. Sasa inazama kwanza, kama unakanyaga godoro. Inabidi niisukume mara mbili ndiyo inashika.

— Imekuzoea, alisema Karani. Kiatu kipya si hubana kwanza? Kikimzoea mwenyewe kinalegea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Kweli, mzee?

— Kweli tupu.

Taratibu alitaka sana kuamini. Sikio lilikubali, ila mguu wake wa kulia haukukubali. Mguu ule umekanyaga breki miaka kumi na tisa.

— Si umpelekee fundi gari alitazame? aliuliza Mama Birika.

— Fundi ni wa kwake mwenye gari. Nikimwambia inawaka konani, ataniuliza konani nasimama kutafuta nini. Nimekwisha.

— Basi tuifunike, alisema Fundi Saa, akachomoa utepe mweusi kwenye sanduku lake la vifaa na kukata kipande kidogo kama ukucha. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya jicho ni kitambaa.

Akaenda mwenyewe kukibandika pale kwenye dashibodi, juu ya taa, kwa ustadi, akarudi anajifuta mikono. Saa tatu ilikuwa imefika. Abiria walikwishaanza kupanda, mlango unajifungua na kujifunga, mikanda inalia pi-pi-pi kisha inanyamaza mmoja mmoja. Taratibu akakaa kwenye usukani. Kilibaki kiti kimoja, cha mbele, kando yake.

Akaja mama mmoja mshonaji, mgeni mtaani, hajamaliza hata mwezi, amekumbatia furushi la sare za shule za kupeleka mji wa chini. Akafungua mlango wa mbele, akaweka mguu mmoja ndani, kisha akasita.

— Dereva, umeziba nini hapo?

— Si kitu, dada. Kitaa tu.

— Ni cha upelelezi, mama! alipaza sauti Karani kutoka kwenye benchi. Kinapeleka maneno kwa mwenye gari, hakina madhara. Panda tu.

— Ooh. Na breki zenyewe nzima?

— Nzima! alijibu Fundi Saa. Laini kama siagi.

— Mna hakika?

— Mia kwa mia, walisema wote wawili kwa pamoja.

Mshonaji akarudisha mguu chini. Akaliweka furushi lake juu ya benchi, katikati yao, bila haraka.

— Vizuri. Basi mmoja wenu achukue kiti changu, mimi nitangoja safari ya pili. Nani anapanda?

Karani akaanza kulisugua goti lake.

— Mimi hili goti, unajua... Mteremko haulitaki.

— Mimi kuna mtu anakuja kuchukua saa, alisema Fundi Saa, akaitazama saa yake, ile isiyosema kweli, kwa makini ambayo hajawahi kuipa.

Wakamtazama Mama Birika.

— Mnaniangalia nini? Mimi nilisema nzima?

Taratibu aliyasikia yote kupitia dirishani. Nyuma yake, mkanda mmoja ukafunguka, tak. Kisha wa pili. Akageuka, akawatazama: mwalimu mstaafu na fimbo yake, wauza mboga wawili, mjamzito wa safu ya tatu mkono juu ya tumbo. Wote macho kwake. Akakumbuka kona, na jinsi alivyosukuma pedali mara mbili saa moja iliyopita, na ukingo wa barabara ulivyokuja karibu kabla gari halijashika. Karibu kiasi gani, hakuwa amemwambia mtu.

Akazima injini. Akabonyeza kitufe, mlango ukafunguka.

— Shukeni, jamani. Mnisamehe. Gari haliteremki.

Wakashuka wakinung'unika. Yeye akakichukua kile kitabu, akaitazama ile picha safari hii kwa macho yake mwenyewe. Kichupa. Mshale. Akaufuata mshale mpaka chini ya kioo cha mbele, kwenye kifuniko kidogo ambacho kwa miezi minne alikuwa akianikia kitambaa chake cha jasho. Akakifungua. Kichupa kilikuwepo, kina mistari miwili, na mafuta ya breki yalikuwa chini sana ya mstari wa chini, yamebaki kidogo kama uji mwishoni mwa bakuli. Ukiliinamisha bakuli, upande mmoja unabaki mtupu; gari likiinamisha pua, taa inawaka.

Akazunguka nyuma, akapiga magoti kwenye gurudumu la kushoto. Upande wa ndani wa tairi ulikuwa umelowa, na mchirizi umeteremka mpaka chini.

Akampigia mwenye gari, simu akiishika kwa mikono miwili.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Mbona saa tatu imepita na bado uko hapo? Nimeshaambiwa.

— Breki zinavuja, mama. Abiria nimewashusha.

— Zimeanza leo?

— Zina siku tatu.

— Siku tatu! Na taa haikuwaka?

— Iliwaka. Nikadhani umeitega wewe, kunipeleleza. Kwa sababu ya kule konani.

— Konani kuna nini? aliuliza mama.

Hapo Taratibu akajua kuwa mama hakuwa anajua lolote. Angeweza kusema hakuna kitu. Karani, pale kwenye benchi, alikuwa anamkonyeza kwa macho yote mawili aseme hakuna kitu.

— Naweka kibao, mama. Napakia mtu wa kumi na tano.

— Mpe Radi funguo, ilisema sauti. Aliteremshe gari gereji.

Simu ikakatika. Na Radi hakuwa mbali, lini alikuwa mbali? Alitokea nyuma ya ukuta wa jirani, kofia imekaa upande, simu bado sikioni, anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama." Akanyoosha mkono.

— Lete kaka. Usinune, ndiyo kazi. Gereji ni dakika kumi tu, naliachia lenyewe linateremka.

— Nakupa, alisema Taratibu. Piga goti hapa kwanza. Gusa.

— Nini tena?

— Gusa, kaka.

Radi akatazama benchi, kuona kama anachekwa. Hakuna aliyecheka. Akapiga goti moja, akaingiza mkono nyuma ya tairi, akautoa vidole vinang'aa. Akavinusa. Akainuka, akautazama mteremko, pale barabara inapokata kushoto na kupotea. Mkono wake ule mwingine, uliokuwa umenyooshwa kupokea funguo, aliurudisha mfukoni.

— Kaa nazo, alisema. Fundi apande huku juu.