Dizeli Aliyoichoma Zarbat

Kijiwe chetu ni vitanda viwili vya kamba mbele ya karakana yangu, kwenye stendi ya malori nje ya Peshawar, barabara ya Kohat. Hapo tunakunywa chai ya kijani yenye iliki na kuwahukumu watu wasiokuwepo. Mwaka mzima tulikuwa tumemhukumu marehemu Zarbat: alisinzia kwenye usukani, akalitumbukiza lori la marumaru korongoni. Jana alasiri akaja Mhandisi Shandana wa chuo kikuu, yule dada aliyefunga vipimo kwenye malori yetu ili atengeneze hesabu ya kukadiria lori litakunywa dizeli kiasi gani. Alikuwa amesawijika.

— Safari zote hesabu yangu inakaribia kabisa dizeli iliyotumika, akasema. Isipokuwa ya mwisho ya Zarbat. Kwenye kupanda mlima, lori lilikunywa kupita kiasi.

Tairi, dereva mstaafu mwenye tumbo kama bampa, akacheka.

— Dada, hiyo imenyonywa! Wezi wa humu wanakunyonya hata damu, husikii.

— Kipimo kiko kwenye mpira wa dizeli unaoingia kwenye injini. Kilichopita hapo kilichomwa.

— Upepo basi! akadakia Profesa, muuza spea aliyeacha shule darasa la nane. Siku ile ulivuma kutoka Afghanistan, ukamsukuma kifuani. Dizeli yenyewe iliogopa!

— Upepo nimeuingiza. Mwinuko, mwendo, matairi, vyote nimeviingiza.

— Basi jini, akasema Redio, ambaye hakuna habari inayompita. Pale mlimani lipo jini linadandia malori nyuma. Shangazi yangu alilisikia likipiga chafya!

Tukaangua kicheko. Shandana hakucheka.

— Kitu kimoja tu kinaifanya hesabu ikubali. Uzito. Mzigo ulizidi kwa nusu ule ulioandikwa kwenye karatasi za safari.

Nikaweka kikombe chini. Mimi fundi, nilielewa kabla ya wenzangu. Lori lililozidiwa vile, likianza kuteremka upande wa pili, breki zinapata moto hadi zinakufa.

— Kwa hiyo... hakusinzia? Tairi akauliza.

— Mizunguko ya injini inaonyesha alikuwa anarudisha gia, moja baada ya nyingine, kulizuia lori, mpaka mwisho. Aliyelala harudishi gia.

— Mungu wangu! akasema Tairi. Alikuwa anapigana nalo!

— Na tajiri wake, mwenye lori, alisimamia upakiaji mwenyewe, akasema Redio polepole. Akaja hapa kulia na sisi!

— Polisi nimewapelekea hesabu hii asubuhi, akasema Shandana. Na nyumbani kwa kina Zarbat nimekwenda.

Hapo ndipo tulipomwona Mzee Misal, baba yake Zarbat, anavuka barabara. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga stendi. Tukainuka wote. Tairi akampangusia nafasi kwa shali yake.

— Karibu, mzee wetu. Kaa, upate chai.

Hakukaa.

— Polisi waliniambia habari ya kusinzia ilitoka hapa, akasema. Sikuja kugombana, wanangu. Nauliza tu. Nani kati yenu alimwona?

Profesa akamtazama Redio. Redio akamtazama Tairi. Mimi nikammiminia mzee chai ambayo hakuiomba. Na mzee akaendelea kusimama pale, akitutazama mmoja mmoja kwa upole, kama anayeamini kweli kwamba yupo atakayejibu.