Huyu Analala kwa Nani?

Mimi ndiye mwenye dele la kahawa, kwa hiyo hapa nasema nitakavyo. Kijiwe chetu kiko Ujiji, Kasingirima, benchi mbili mkabala na geti la Chuo cha Kutwa, na asiyekipenda chuo hicho akanywe kahawa kwingine. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Watu walikuwa wanavuka ziwa kila siku kukimbia vita vya Kongo, mji umefurika, sungusungu wanapita nyumba kwa nyumba kusaka wageni wasio na kibali, wapelekwe kambi za wakimbizi. Lakini asubuhi wanafunzi wetu waliingia getini na baiskeli zao, jioni wakarudi makwao. Bweni hakuna. Digrii unaisoma mchana, usiku unakula ugali kwenu. Jioni moja wazee wangu walikuwa wanagombania nani hasa alikileta chuo.

— Alikileta marehemu mama yangu, alisema Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi, na Balozi ndilo jina lake kijiweni. Kaka yangu alikwenda kusoma Dar, akaoa huko huko, akatusahau. Ilipofika zamu yangu mama akalala relini, pale stesheni, treni imeshapiga honi! Akasema huyu hamumchukui, chuo kileteni hapa.

— Acha fiksi, Balozi. Mama yako kuinuka kitini tu ilikuwa kazi, leo alale relini?

Huyo ni Telesphory wa Gungu, fundi wa mashine za boti. Tunamwita Injini.

— Chuo kimeanza na mimi, akaendelea. Lile jengo si lilikuwa ghala la dagaa? Paa lake nililivuta kwa boti kutoka Katonga, zima zima, linaelea.

— Paa la bati linaelea?

— Lilielea. Na kuku wamekaa juu yake.

— Lo! Na walitaga?

— Wawili walitaga.

Tulicheka mpaka Eliudi akapaliwa. Eliudi ni mtumishi wa wilaya, kahamishiwa kwetu kutoka Same. Jina lake la benchi ni Serikali.

— Wazee wangu, heshima zenu, alisema akijifuta mdomo. Mimi nakaa ofisini, najua. Hiki chuo kilikuwa cha Tanga. Mabati, viti, mpaka mkuu wa chuo mwenyewe walipakiwa kwenye behewa. Behewa likafungwa kwenye treni siyo. Mkuu kuamka, anaona ziwa!

Nilimnyang'anya kikombe. Upuuzi gani huu mbele ya dele langu?

— Mrudishie, alisema Balozi. Hata kama ni kweli, reli si inaishia kwetu? Kitu kizuri kikipotea lazima kitufikie.

— Hapo umenena, alisema Injini. Binti yangu Christina anasoma hesabu pale. Akirudi jioni, watoto wa nusu ya Gungu wanajaa kibarazani kwangu, anawafundisha. Angekwenda Dar, nani angewafundisha? Watu walikianzisha wakasema, mtoto asome, lakini alichosoma kilale nyumbani.

— Na utaratibu wake, nani mwingine anao? nikadakia. Mkuu hataki karatasi. Anataka mwenye nyumba mwenyewe apande ngazi za chuo, asimame mbele ya watu, aseme: huyu analala kwangu. Ukishatamka, mtoto akifeli aibu ni yako.

— Ni chuo chetu, bwana! Balozi alipiga benchi. Chetu!

Hapo ndipo msichana mmoja aliyekuwa amekaa chini karibu na geti aliinuka akaja, furushi kichwani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Mimi naitwa Regina, natoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Nimefanya mtihani wa hapo chuoni, nimepita. Mkuu akaniuliza nalala kwa nani. Nikamwambia nalala Katonga, chini ya turubai la wanika dagaa. Akasema anasikitika, turubai si nyumba. Na kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha.

— Pole sana.

— Asante. Nimewasikia mkisema chuo ni chenu.

— Ni chetu! walijibu wote watatu.

— Basi kesho nani kati yenu atapanda zile ngazi, aseme nalala kwake?

Weeh! Balozi akakumbuka kukohoa. Serikali akainamia viatu vyake. Injini akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Na mimi, mdomo wote huu, nikajifanya nachochea mkaa. Kila mtu alijua adhabu ya kumficha mgeni asiye na kibali. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

— Haya, wazee. Kwaherini.

— Ngoja kwanza, alisema Injini. Mtihani gani ulifanya vizuri?

— Hesabu. Niliwapita wote.

Injini akaweka kikombe chini.

— Sasa aliyewapita wote akipelekwa kambini, mimi nitamwambia nini Christina? Huyu analala kwangu.

— Na sungusungu? Serikali aliuliza kwa sauti ndogo.

— Waje. Nitawafungulia mlango mwenyewe.

Balozi aliruka, kahawa ikamwagikia kanzu.

— Kwako Gungu? Mtoto apande kilima kila siku na nyumba yangu ile pale inaonekana? Sungusungu wa mtaa huu wananiamkia mimi! Analala kwangu!

— Kwako wajukuu wanalala mpaka jikoni, alisema Serikali, naye kashasimama. Mimi nina chumba kitupu, na mke wangu yupo. Kazi wakiniachisha, waniachishe. Analala kwangu.

— Mpare wewe, alisema Balozi, umekuja juzi tu, unataka kutunyang'anya mwanafunzi!

— Na mimi je? nikafoka, dele nimeliacha motoni. Nani anawapa kahawa hapa? Analala kwangu!

Mikono ikawa hewani, kila mtu anamfokea mwenzake, wapita njia wanasimama kutazama. Regina alikuwa katikati yetu, anamtazama huyu, anamgeukia yule, machozi yanamtoka na huku anacheka.

— Wazee wangu, magharibi hiyo inaingia. Furushi langu nilipeleke wapi?

Tulikuwa bado tunagombana.