Mabaka ya Fundi Stefano Mutugi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Riungu, kaka yake Kaari aliyefiwa na mume, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu, na nitasoma polepole, maana naona wengine wenu mmesimama mbali na jeneza kama watu waliokuja kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Marehemu Stefano Mutugi alizaliwa tarehe 14 Machi 1918 huko Runyenjes, Embu, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala, akaja hapa Mikinduri mwaka 1939, na mabenchi mnayokalia kanisani ni kazi ya mikono yake. Tarehe 6 Desemba 1941 alifunga ndoa na dada yangu, wakajaliwa watoto wawili, Ndwiga na Mwendwa.

Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imeshatangazwa, midomo yake ilianza kugeuka myeupe, kisha vidole, nanyi mkaanza kunong'ona, hawa wakisema alikula kiapo cha wapiganaji wa msituni, wale wakisema alikiungama kwa Serikali na sasa kinamla, na kwa kuwa alikuwa Mwembu, mgeni hapa kwetu, kila upande ulijiona una hakika. Alipokonda, akawa hashibi maji, na sisimizi wakakusanyika pale alipokojoa, mkasema ni uchawi, lisemwalo lipo.

Februari 1955 daktari wa Meru alimpima, akakuta ugonjwa wa sukari, akaeleza nikisikia kwamba mabaka yale ni mbalanga, kwamba maradhi haya mawili huonekana pamoja kwa baadhi ya watu, wala si laana, wala hayaambukizi, akamwanzishia sindano za kila siku. Dawa ilipokwisha mwishoni mwa Mei mwaka huu, aliomba kibali cha kutoka kijijini, maana siku hizi hakuna atokaye bila hicho, na mkuu wetu wa kijiji, Mzee Kirimi, aliyepo hapa, akamjibu, "Wewe ngozi yako imeshakushtaki, huendi mjini kutafuta dawa, unaenda kwa wenzako wa msituni." Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Juni 1956.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochonga jeneza, na majirani, hata mliokuja kuchungulia tu.

Lakini Mwendwa, binti yake wa miaka tisa, ametokwa na baka jeupe kando ya jicho, na tangu wiki iliyopita hashibi maji. Huenda si kitu, ila mimi siamini tena huenda ya mtu yeyote, kwa hiyo, Mzee Kirimi, kabla hatujatia udongo, tunakuomba umwandikie mtoto kibali cha kwenda Meru, hapa hapa, mbele ya hawa wote.

Shemeji yangu Stefano, pumzika kwa amani, sisi tutasimama nawe hapa mpaka aandike.